Shikamoo na Matokeo

Baba yangu alikuwa mtu wa kusalimiwa. Ukiingia alipo, kabla hujatua ndoo, kabla hujajifuta miguu, shikamoo kwanza. Na yeye naye, hata awe amekasirika namna gani, hakuacha shikamoo ya mtu ipite bila marahaba. Asiyeitikia salamu, alisema, hana tofauti na ng'ombe. Basi mimi nikapata pa kupitia. Saa moja asubuhi naingia na chai yake, napiga goti kama binti aliyelelewa akaleleka, nasema, "Shikamoo baba, kashinda yule wa mkono wa kushoto, seti tatu kwa moja." Kwa mkupuo mmoja, bila kupumua katikati. Mdomo wake unakuwa umeshaanza kazi yake. "Marahaba," anaitika, halafu uso wote unamshuka.

Nilimfanyia hivyo miaka miwili. Siyasemi haya kwa kujisifu, lakini anayengoja nitubu hapa atangoja sana. Nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwake, na nilimwambia waziwazi tangu mwanzo: aseme kwa kinywa chake kwamba Jumamosi ile alichota majani kwenye tenga langu akatia kwenye tenga la dada. Akisema, nanyamaza, naye anaangalia tenisi yake kwa raha mpaka siku anayoitwa na Mungu. Hakusema. Na mimi sikunyamaza.

Nyumba yetu iko juu ya Mponde, unapanda kwa miguu kutoka barabarani, chai upande huu, mahindi upande ule, na ukungu ukishuka hata choo hukioni. Nilirudi hapo mtu mzima, mjane, na cherehani yangu na magoti yangu mabovu, kwa kuwa mama alishatangulia na miguu ya baba ilikuwa imekufa kuanzia mapajani. Dada yangu yuko Tanga. Ni muuguzi, tena mkubwa, watu wakimwona koridoni wanapisha. Yeye alimletea baba televisheni na dishi, chaneli za michezo zote. Mimi nikaletewa baba. Ndivyo tulivyogawana.

Watu wakisikia mzee wa Kishambaa anapenda tenisi wanacheka, na wacheke. Ujana wake alifanya kazi kwenye shamba kubwa la chai upande wa Bulwa, na mameneja wa huko walikuwa na kiwanja chao. Yeye alivuta rola ya kusawazisha udongo, akachora mistari kwa chokaa, halafu akakaa kwenye nyasi kuokota mipira. Hapo alijifunza kuhesabu kwao kwa ajabu, kumi na tano, thelathini, arobaini, na hapo alipatia ugonjwa wake. Maana hakuwa shabiki wa mtu. Nani kashinda, nani kashindwa, hayo hayakumhusu. Alichokipenda ni ile hali ya kutokujua. Mpira wa miguu aliuona mchezo wa wavivu, watu wanacheza dakika zote hizo halafu wanatoka sare wanarudi kwao wamenuna wote. Tenisi haina sare na haina saa. Umemkandamiza mwenzio toka asubuhi, umebakiza pointi moja tu umzike, na ile moja inakukimbia, inakukimbia, mpaka yule maiti wako anainuka anakuzika wewe.

Mimi nilikuwa nikishona chumba hicho hicho, kwa hiyo nilijifunza bila kutaka. Nilijifunza kwamba wale wakubwa hupangwa kwenye orodha wasikutane mapema. Wanaanza kwa kulishwa wadogo, kila mkubwa na pembe yake, ili wafike mwisho wakiwa wazima. Nikamwambia huo ni wizi mtupu.

"Si wizi," alisema baba. "Ni kuutunza mchezo. Wakimalizana siku ya kwanza, siku ya mwisho utaangalia nini?"

"Na yule mdogo aliyetupwa kwa mkubwa siku ya kwanza?"

"Yule anaweza kushinda. Hapo ndipo utamu."

Wanaume alikuwa hawapendi sana. Kwenye yale mashindano makubwa wanacheza mpaka seti tano, na kwenye seti tano, alisema, mkubwa ana nafasi ya kulala, kuamka, kunawa uso na kushinda. Ilikuwepo miaka wanaume wachache tu walipokezana makombe kama familia inayopokezana blanketi, na baba aliangalia nusu saa akageuzia uso ukutani. "Hii ni ibada," alisema, "si mchezo. Amina tunaijua kabla mchungaji hajafungua kitabu." Aliwapenda wanawake. Seti tatu tu, mkubwa akisinzia kidogo kaliwa. Huko alikuwa anatokea msichana asiyejulikana, ametoka kwenye mechi za mchujo ambako hata kamera hazijaenda, anamwangusha wa kwanza duniani, na baba anajipiga paja lile lililokufa, pa! pa!, kama vile linasikia.

Sasa niseme ya mizani, maana bila hayo mtaniona nina roho mbaya tu.

Baba alipotoka Bulwa alirudi nyumbani akawa karani wa mizani, kwenye banda ambako wakulima wadogo walipeleka majani yao kupimwa. Watoto tulikuwa wawili. Dada alinizidi mwaka mmoja, lakini aliugua akarudia darasa, tukawa tunasoma pamoja. Siku za Jumamosi tulichuma chai ya nyumbani na kuipeleka bandani. Dada alikuwa mzito. Alichuma majani mawili na kichomozi chake kwa vidole viwili, kama mtu anayechagua kitambaa cha sendofu. Mimi nilichuma kwa mikono yote miwili, na mdomo ningeweza ningeutumia. Jumamosi ya kwanza tuliyopimiwa mbele za watu nilimpita kilo sita.

Mzazi mwingine angesema hongera mwanangu. Baba alikunja uso. Wiki iliyofuata akanichelewesha saa nzima, eti nimalize kwanza kupepeta mahindi. Nikashinda. Akanipa ule mteremko wa chini, chai ya zamani, miguu inateleza mpaka unachuma umepiga magoti. Nikashinda. Ndipo alipoanza kuchota. Si kwa kificho, hapana, mchana kweupe, mbele ya watu wote: tenga langu likifika anazamisha mikono, anatoa makonzi mawili, matatu, anatia la dada, halafu ndiyo anapima. "Tuwape watu mchezo," anasema, na watu wanacheka.

Na watu walikuja, jamani! Mwanzo walikuwa wale wa foleni tu. Baadaye walikuja wasio hata na chai. Wanawake walitua matenga yao wakakaa pembeni, wanaume wakabishana, huyu anasema mkubwa leo, huyu anasema mdogo, huyu ananishika mkono kuangalia vidole vyangu kama vimechoka. Kadiri mizani ilivyokaribiana ndivyo walivyozidi kuja. Siku moja tulipishana robo kilo, wakapiga vigelegele kama harusini.

Nililia. Miaka kumi na minne, ningefanya nini? Nikamwambia baba unanionea. Alinipangusa uso kwa kiganja chake, kinanuka majani mabichi, akaniambia kwa upole kabisa, na ule upole ndio ulionichoma, "Unalia nini? Wewe ndiye unayenifanya nichote. Ungekuwa mvivu, ningekuchotea wewe."

Tulipomaliza la saba, hakuna aliyechaguliwa kwenda sekondari ya serikali, si mimi si yeye. Shangazi yetu wa Tanga akaleta ujumbe: nileteeni mmoja, nitamsomesha. Mmoja. Mama alitaka umri uamue. Baba akasimama bandani mbele za watu akatangaza kwamba Jumamosi ijayo mizani itaamua. Mama akamwambia, kwa Kishambaa, wewe mwanaume una wazimu. Baba akamjibu kwamba hakuna njia ya haki kuliko hiyo, maana kila mtu ataona kwa macho yake.

Jumamosi ile nilichuma tangu kuna ukungu. Kucha ziliniingia nyama. Tenga lilijaa, nikakanyagia, likajaa tena, nikafunga kanga juu yake yasimwagike. Dada alifika bandani na lake limejaa vizuri, sikatai, lakini la kawaida. Watu walikuwa wengi mno, wanasukumana, watoto wamepanda mpaka kwenye boriti. Baba akachukua matenga yote mawili akaingia nayo ndani kwenye mizani, akafunga mlango. Siku zote alipima mlango uko wazi. Siku ile alifunga mlango. Tulimsikia akisogeza chuma. Akatoka, akanyanyua mkono wa dada.

Nusu kilo.

Kelele zilizopigwa sijazisikia tena maishani. Wanasema ilikuwa Jumamosi tamu kuliko zote. Mpaka leo kuna wazee wakinikuta njiani wananipiga bega, "Mama, nusu kilo! Ile siku!" kana kwamba nilikuwa mgeni wa heshima.

Dada akaenda Tanga. Mimi Jumamosi iliyofuata nikabeba tenga langu mpaka bandani, na hapakuwa na mtu aliyekuja kuangalia. Baba alipima bila kunitazama, akaandika, akasema, "Mwingine." Alikuwa amechoshwa. Mchezo wake ulikuwa umepanda basi. Mwaka wa pili nikafundishwa cherehani, wa nne nikaolewa, na mengine ni maisha, kila mtu anayo ya kwake.

Dada nilimuuliza mara moja tu, tukiwa watu wazima, tena tunapika pamoja kwenye msiba wa mama. Nikamwambia, ile Jumamosi ya mwisho, baba alichota, si ndiyo? Akaendelea kukata vitunguu. "Jumamosi gani?" akasema. "Mbona tulikuwa tunapimwa kila Jumamosi." Hakuwa anajitia hamnazo, wallahi. Alikuwa amesahau kweli. Nilitoka nje nikaenda kukaa peke yangu kwenye kuni.

Kwa hiyo niliporudi kumlea baba, nilirudi na hayo yote kifuani, na nikamkuta na udhaifu mmoja tu. Dawa zake za maumivu alizimeza baada ya chakula cha mchana, na zilimlaza mpaka alfajiri. Mechi zote za maana zilichezwa yeye amelala. Aliziona kwenye marudio, saa tatu asubuhi, na alikuwa ameamuru nyumba nzima na majirani wote: asiwepo wa kumwambia matokeo. Mwinjilisti wa mtaa wetu, jirani na rafiki yake wa kuangalia naye, alikuwa hata simu anaiacha kwake asije akateleza ulimi. Mimi simu yangu nilikuwa nayo. Jioni napanda kwenye tuta juu ya chai ambako mtandao unashika, natafuta matokeo, nashuka, nalala usingizi mzuri.

Ile asubuhi ya kwanza baba aliitua chai bila kuinywa. Mwinjilisti alipokuja na kuwasha televisheni, akaambiwa azime.

"Tuangalie tu, mzee," mwinjilisti alisema. "Mchezo wenyewe bado ni mzuri."

"Niangalie nini? Maiti akivishwa nguo?"

Mwinjilisti akanitazama. Nikaendelea kutia uzi kwenye sindano.

Alipoondoka, nikamweleza baba ninachotaka. Sema ulichota. Neno moja. Baba akaniangalia kwa macho yale ya karani, macho ya kupima, akasema, "Ndiyo maana umerudi?" Nikasema nimerudi kukupikia uji na kukuogesha, hili ni la ziada.

Akaanza kujihami. Siku nyingine alijifanya amelala. Nikawa naketi na chai yangu nangoja. Mtu asiyeweza kwenda msalani bila kunyanyuliwa atalala mpaka lini? Alifumbua macho, kibofu kimemshinda, nikamnyanyua, nikampa na matokeo huko huko. Siku nyingine akaniambia kabla sijafungua mdomo, "Leo usinisalimie."

"Ebo! Nisikusalimie mzee wangu? Majirani watasemaje?"

"Nimekusamehe shikamoo ya leo."

"Thubutu! Mimi nimelelewa, baba. Shikamoo. Seti mbili kwa sifuri, wala hakukuwa na upinzani."

"Marahaba," alisema, na machozi yalimlengalenga. Naandika nilivyoona: yalimlenga, na mimi nikasikia raha. Nikatoka nikafua mashuka yake naimba.

Mwinjilisti alinikalisha nyuma ya nyumba akanisomesha. Alisema huyu ni mzazi, amebakiwa na starehe moja duniani, nami namnyang'anya mdomoni. Nikamwambia na mimi nilikuwa mtoto, nimebakiwa na tenga moja. Akasema sasa yamepita, samehe. Nikamuuliza, nisamehe nini, yeye amekiri nini? Mtu husamehe kosa lililokwisha kutajwa. Akaomba maji ya kunywa, akaenda zake.

Halafu nikafanya kosa la kijinga. Asubuhi moja, kwa kumkomoa zaidi, nikamdanganya. Kulikuwa na binti mmoja ambaye baba alikuwa akimfuatilia toka mwanzo wa wiki, si kumshabikia, ila alimwona ana wazimu mzuri. Yule binti alishinda. Mimi nikasema ametolewa, amefutwa, hata gemu mbili hakupata. Nilitaka ile siku aumie mara mbili. Baba, kwa unyonge, akaacha televisheni iwashwe kwa ajili ya mwinjilisti. Seti ya kwanza binti akachukua. Baba akainua kichwa. Seti ya pili akapoteza, baba akasema, "Ahaa." Ya tatu ilipofika mwisho na binti akarusha raketi juu, mzee alipiga ukelele mpaka kuku wakatawanyika uani. Akanigeukia, uso umenawiri kama wa bwana harusi. "Umenicheza!" akasema. "Mwanangu, umenicheza!"

Loh, nilivyojilaumu! Nilimrudishia kile kile nilichokuwa namnyima. Wiki nzima aliitika shikamoo yangu akitabasamu, maana sasa hakujua kama nasema kweli au nasema uongo, na kutokujua huko kulikuwa sukari kwake. Mchezo ulikuwa umeanza tena, na uwanja ulikuwa mimi. Nikaapa sitamdanganya tena. Kweli tupu, kila asubuhi, mpaka azoee kwamba nikisema imekwisha. Ilinichukua miezi kumrudisha pale pale. Alipokata tamaa safari hii, alikata kweli. Akawa hata televisheni haulizi.

Mwaka huu, msimu wa baridi, alizidiwa. Tulimpeleka hospitali Bumbuli, wakamtazama kwa huruma, wakatuambia tumrudishe nyumbani, tumpe anachopenda. Dada akaja kutoka Tanga na mkoba wake wa dawa. Tukamuuliza baba anapenda nini. Akasema Jumamosi ni fainali ya wanawake, inachezwa saa kumi, na yeye hatameza dawa ya mchana. Ataiangalia ikichezwa.

Dada akamwambia maumivu yatakuwa makali. Akasema najua.

Basi Jumamosi tukakaa wote watatu. Upande mmoja mwanamke mrefu, wa kwanza kwenye orodha, anapiga mpira wa kuanzia mpaka unasikia upepo. Upande wa pili kibinti kidogo kilichopita kwenye mchujo, hakijulikani na mtu, kina bandeji gotini. Baba alitokwa na jasho la maumivu toka gemu ya tatu. Dada alimkaribia na kidonge mara mbili, akafumba mdomo kama mtoto anayekataa uji. Mrefu akachukua seti ya kwanza. Kibinti kikachukua ya pili. Mimi nilikuwa nimeacha kushona, sijui tangu saa ngapi. Hapakuwa na wa kumwambia kitu siku ile, mimi mwenyewe sikujua, na nilikuwa nimeukamata mguu wa kitanda chake kwa mikono yote miwili. Tatu kwa tatu. Nne kwa nne. "Unaona?" baba alininong'oneza. "Unaona?" Nikasema, "Naona, tate," kama nilivyomwita baba utotoni. Tulikuwa na furaha. Lazima niliseme hilo, tulikuwa na furaha, mimi na yeye, kwa nusu saa.

Umeme ukakatika.

Thelathini kwa thelathini. Tulikaa tukitazama kioo cheusi. Tukangoja. Dada akasema utarudi sasa hivi, akasema tena, halafu akaacha kusema. Saa nzima ilipita. Baba alikuwa akihema kwa shida, mdomo umekauka, na nikajua ile mechi imeshakwisha huko iliko, watu wameshakunja viti. Nikatoka bila kuaga, nikapanda kwenye tuta, nikasoma. Nikarudi. Dada alikuwa jikoni anachemsha maji.

Baba aliniona uso akaelewa. "Unajua," alisema.

"Najua."

Nilingoja aseme usiniambie. Maisha yake yote ndilo neno lake. Badala yake akasema, "Niambie. Marudio ya kesho siyafikii."

Hii ndiyo siku, nikajisemea. Nikavuta kigoda nikakaa karibu na kichwa chake. "Na wewe niambie kwanza," nikasema. "Jumamosi ile. Ulichota ngapi?"

Alifumba macho. Nikadhani ananikwepa tena, nikataka kuinuka. Akasema, polepole, neno kwa neno, "Siku ile sikuchota."

"Baba."

"Siku nyingine zote, nilichota. Siku ile niliona aibu. Nikafunga mlango ili watu wasinidai mchezo. Nikayaweka yalivyokuja." Akapumua. "Dada yako alikuzidi."

"Muongo!"

"Haya."

"Tenga langu lilikuwa limefungwa kanga! Nilikanyagia mara mbili!"

"Majani yako yalikuwa na mabua," alisema baba. "Ulikuwa na haraka. Niliyatupa mabua. Karani anatupa mabua, kiwanda hakiyataki."

Nilitaka kumtikisa, mgonjwa wa kufa, nimtikise mpaka itoke kweli. Niliutazama uso wake niupime, na haukuwa na kitu, ulikuwa uso wa mzee anayeumwa. Miaka yote ile nilikuwa na jibu langu: niliibiwa. Nililala nalo, nikaamka nalo, ndilo lililoniweka wima nilipozika mume, ndilo lililonirudisha kwenye nyumba ile. Na mabua kweli yalikuwepo. Nakumbuka nikichuma na mabua.

"Sasa niambie," alisema.

Nikamwambia. "Kashinda yule mdogo. Saba kwa tano."

Alifumbua macho yote mawili. "Kweli? Au unanicheza?"

"Na wewe je?"

Baba akacheka. Hakuwa na pumzi ya kucheka lakini alicheka, mabega yakamtikisika, akalala na lile tabasamu akiwa ananitazama pembeni, ananipima, anabahatisha. Hata maumivu naona yalimwachia. Dada aliingia na maji akampa kidonge, akakimeza kwa hiari yake, akasinzia. Alifariki Jumapili kabla hakujapambazuka vizuri, usingizini, bila kuuliza tena.

Dada alilia sana. Alikuwa na baba mzuri, na nilimwacha alie. Tulipomaliza kuzika nilimuuliza tena, kama anakumbuka mabua. Akanishika shavu, akaniambia nimechoka, nikalale.

Sijalala. Yeye kutokujua kulimpendeza, amekwenda nako kaburini anatabasamu. Mimi kunanitafuna. Nimekwenda kwenye ile chai ya mteremko nikachuma konzi moja kwa haraka, kama vile, nikafungua kiganja kuhesabu mabua, nikajiona mwehu, nikatupa. Mimi siku ile nilimwambia kweli. Yeye sijui.